Lenzi yenye rangi ya chai

Swali: Lenzi yangu ya Super-Takumar 50mm f/1.4 imegeuka manjano. Nimeipangusa kwa spiriti, wapi! Je, ni ukungu?

Jibu: Si ukungu, acha kusugua. Kioo chake kimojawapo cha nyuma kina thoriamu, metali ambayo mionzi yake hukigeuza rangi kutoka ndani. Dawa ni jua. Ivue kwenye kamera, toa vifuniko na filta, iweke nje upande wa nyuma ukitazama juu, chini utandike foili, mbali na chochote cha kushika moto. Muda wa saa mbili kila asubuhi, kwa wiki kadhaa. Joto la mchana huyeyusha grisi ikachafua mabawa ya diaframu, yale yanayopunguza au kuongeza mwanga ndani ya lenzi. Kwa filamu nyeusi na nyeupe? Mimi ningeiacha: umepata bure filta ya manjano ambayo wapiga picha hizo huinunua.