Nasinzia na Biblia mkononi

SWALI: Shikamoo Bibi, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama ntilie, nauza supu karibu na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Naamka saa tisa usiku, narudi Kigamboni kwa pantoni saa mbili usiku. Nikifungua Biblia, aya ya pili siimalizi, naamshwa na kitabu kikianguka sakafuni. Wenzangu wa kikundi cha maombi wanakesha kila Ijumaa, mimi nimeshindwa. Niliona kama Mungu amenikasirikia, nikajikaza nikaahidi mabati matano ya paa la kanisa. Nimeshayalipa, ingawa imebidi binti anayeniosha vyombo asubiri ujira wake wa wiki tatu. Bado moyo ni mkavu. Nifanye nini nikue kiroho?
Mama Supu, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu, amina. La usingizi tulimalize haraka, maana halina kesi. Eliya, nabii mzima, alilala chini ya mretemu baada ya kuomba afe. Malaika hakumwuliza mbona hakeshi. Alimgusa akamwambia ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena! Kisa kiko 1 Wafalme 19. Kisome siku utakayokuwa umelala vizuri.

Mimi kabla ya uinjilisti nilikaanga vitumbua pale Korogwe miaka kumi na minne. Kikaango changu kilikuwa na mashimo saba, nami kila shimo nililipa jina. La kwanza mume wangu, la pili mama mkwe (kitumbua chake kiliungua mara nyingi, Mungu anisamehe), la tatu jirani niliyekuwa nimenuniana naye, na kuendelea. Nikigeuza kitumbua, namtaja mwenyewe kwa Bwana kwa neno moja au mawili. Beseni la unga likiisha, sijui nimewaombea mara ngapi. Wewe una sufuria na bakuli, anza hapo. Na Biblia isome kwenye pantoni, mistari minne tu ya Marko, ukiwa umesimama. Aliyesimama hasinzii kirahisi.

Sasa mabati. Hapo nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma upya. Najua wazee wa kanisa wengine hawatafurahi, lakini yale mabati, mwanangu, kayalipa yule binti. Wewe umeyapeleka tu.

Torati inasema kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijachwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake uko kwenye ujira huo. Iko Kumbukumbu la Torati 24. Yesu naye, katika Marko 7, aliwakemea watu waliosema mali yao ni korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku baba na mama zao wakikosa msaada. Huyo binti anadaiwa kodi ya chumba, pengine ana mama kijijini. Huenda usiku naye anapiga magoti akimwomba Mungu amkumbushe bosi wake, na wewe ng'ambo ya pili unauliza mbona mbingu imenyamaza.

Kesho, kabla hujanunua mchele, mlipe wiki ya kwanza. Zilizobaki mpangie siku, na siku hiyo isipite. Usimtumie kwa simu ukadhani yameisha. Mkalishe kwenye benchi la wateja, mpe bakuli la supu, umwombe radhi kwa kinywa chako. Atashangaa, na wewe utaona haya, vumilia. Siku nyingine ukitaka kuahidi kitu kanisani, tenga kwanza ya binti, kinachobaki ndicho chako cha kutoa. Hata kama ni bati moja, au misumari.

Mkesha wa Ijumaa usiende mpaka umemaliza kumlipa. Lala.

Ukishamaliza niandikie. Na unieleze kibanda chako kiko upande gani wa soko, mwezi ujao naja Dar kupima macho na supu ya samaki siikatai.