Jibu: Mama anaenda Namugongo, hana pasi wala kadi ya njano

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu. Umesema mama anasafiri na WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wa parokia kwenda kuhiji Namugongo, kule Uganda walikouawa Mashahidi wa Uganda, zimebaki wiki tatu, na hujui aanze na kipi.

Aanze na sindano ya homa ya manjano, kesho asubuhi. Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo, inahesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo akingoja wiki ya mwisho atakuwa nayo mkononi na bado haijaanza kufanya kazi. Mwaka niliokwenda, basi letu lilikaa Mutukula, pale mpakani, kwa muda wa karibu saa tatu kwa sababu ya mzee mmoja wa namna hiyo.

Pasi isimtishe. Kwa Uganda, hati ya dharura ya Uhamiaji inatosha. Aende na kitambulisho cha NIDA.

Kule kwenyewe, Juni 3, sikukuu ya Mashahidi, watu ni kama siafu. Sisi tulilala pale uwanjani tangu jioni ya tarehe 2, na alfajiri mkeka ulikuwa umelowa umande chapachapa. Mfungie sweta, kanga mbili na kidumu kidogo chenye kifuniko kizuri. Akikosa cha kuchotea maji ya lile ziwa la pale Namugongo, ambayo mahujaji huyabeba kama maji ya baraka, hatakusamehe.