Dhahabu ya benki kuu imepanda bei, mbona madeni hayajalipwa?

SWALI: Nafuatilia taarifa za benki kuu ya nchi moja ndogo yenye tani 10 za dhahabu. Ndani ya miaka michache thamani ya dhahabu hiyo imetoka dola milioni 643 hadi karibu bilioni 1.29, na hawajanunua hata gramu moja. Faida hiyo ya zaidi ya milioni 600 iko wapi, na kwa nini serikali isiichukue ikapunguza madeni?

JIBU: Hesabu yako iko sawa. Tani 10 ni wakia 321,507 (wakia ni kipimo cha dhahabu, gramu 31 na ushei). Zidisha kwa bei ya dola 2,000 kwa wakia, kisha kwa dola 4,000, bei ambayo soko liliivuka Oktoba 2025, na takwimu zako zinatoka zilivyo. Swali hili huniletea watu kila bei inapopanda. Bei ikishuka sijawahi kuulizwa ile hasara italipwa na nani.

Faida hiyo haiko popote, kwa sababu hakuna aliyelipa kitu. Mche wa dhahabu wa kilo 12 na ushei uliokuwa ghalani miaka mitatu iliyopita ndio uliopo leo. Kwenye mizania, yaani jedwali la mali na madeni ya benki, upande wa mali namba imekua, na upande wa pili akaunti ya mabadiliko ya thamani nayo imekua kwa kiasi hichohicho. Benki kuu za ukanda wa euro, kwa mfano, hazihesabu ongezeko la namna hiyo kuwa mapato mpaka dhahabu iuzwe kweli. Hazina ya Marekani ndiyo kabisa: bado inaiandika dhahabu yake kwa dola 42.22 kwa wakia, bei ya kisheria iliyowekwa mwaka 1973, na hakuna anayesema Marekani imefukarika kwa hilo.

Sasa tuseme waziri ameng'ang'ania apewe. Dhahabu haijauzwa, kwa hiyo benki kuu haina dola mpya za kumkabidhi. Itakachofanya ni kumwandikia tarakimu kwenye akaunti ya serikali, kwa sarafu ya nchi. Huko ni kuchapisha fedha, na dhahabu imetumika kama kisingizio tu. Mdai wa nje anataka dola, hataki tarakimu hizo. Halafu bei ikigeuka? Septemba 2011 wakia ilifika dola 1,895. Desemba 2015 ilikuwa inachezea 1,050. Aliyekula "faida" ya 2011 angekuwa na shimo la kuziba miaka minne baadaye.

"Basi iuzwe." Sawa, inauzika. Uingereza iliuza takriban tani 395 kati ya 1999 na 2002 kwa wastani wa dola 275 hivi kwa wakia, na mpaka leo inachekwa kwa bei hiyo. Lakini walijua wanachofanya: walitoa mali ya aina moja wakachukua ya aina nyingine. Ukiuza na kulipia deni, deni linapungua na akiba inapungua. Ni uamuzi halali, ila mtu asiuuze kwa wananchi kama fedha ya bure.

Hayo yote nayavumilia. Nisichokivumilia ni sentensi "akiba ya nchi imeongezeka" inayotolewa bila kugusa wakia. Chukua nchi yako hiyohiyo na uipe akiba yote ya dola bilioni 2.0, dhahabu ikiwa milioni 643. Zilizobaki, milioni 1,357, ni fedha za kigeni za kununulia mafuta, dawa na ngano. Baadaye taarifa inasema akiba imefika bilioni 2.1, na watu wanapiga makofi. Toa dhahabu kwa bei mpya, milioni 1,286. Zimebaki milioni 814. Nchi imepoteza milioni 543 za fedha inayotumika, na taarifa inasomeka kama habari njema. Hakuna aliyedanganya kwenye jumla. Aliyedanganyika ni aliyesoma mstari wa mwisho peke yake.

Hesabu ikiandikwa kwa sarafu ya nchi, kiini macho kinazidi. Kama dola ilikuwa 100 za nchi hiyo na sasa ni 150, dhahabu ileile imetoka bilioni 64 hadi bilioni 193. Imekuwa mara tatu. Sehemu ya "utajiri" huo ni sarafu kuanguka tu.

Hapo ndipo wanapoingia wachambuzi wa video za dakika mbili, wanaosema nchi ikishakuwa na dhahabu sarafu yake haitikisiki. Zimbabwe ilizindua sarafu mpya, ZiG, Aprili 2024, ikiungwa mkono na dhahabu na fedha za kigeni. Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo ilishushwa kutoka takriban 14 kwa dola hadi takriban 24, katika miezi ambayo bei ya dhahabu duniani ilikuwa inapanda. Wengine wanakwenda hatua moja mbele: wanakuonyesha benki kuu zinanunua dhahabu, kisha wanakuuzia "hisa ya dhahabu" kwenye programu ya simu, bila kusema mche uko ghala gani wala nani anaukagua. Ukiwauliza wakia ngapi, wanakujibu kwa dola.

Kwa hiyo ukirudi kwenye taarifa zako, tafuta kwanza mstari wa wakia na uulinganishe mwaka kwa mwaka. Kisha soma maelezo madogo chini ya jedwali, uone kama dhahabu yote iko huru. Iliyotolewa kwa muda ili kupata dola, kwa ahadi ya kuinunua tena, inaweza kubaki kwenye hesabu ya akiba kana kwamba haijaguswa.