Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu Ameacha Kukimbia

SWALI: Binti yangu ana umri wa miaka 14. Tangu utotoni alikuwa hashikiki katika mbio, lakini mwaka huu ameacha kwenda mazoezini, na nikimuuliza hunijibu kwamba amechoka tu. Juzi mdogo wake aliniambia kuwa wenzake humwita jikedume. Baba yao ananiasa nisimsumbue, kwani msichana akishavunja ungo hamu ya michezo humwisha kwa maumbile. Je, ni kweli?

JIBU: Mama, si kweli, na ninakusihi usiliache jambo hili lipite. Maumbile yamesingiziwa mengi michezoni. Katika Olimpiki ya Amsterdam ya mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza; baadhi yao walionekana wamechoka sana walipomaliza, jambo linalowapata hata wanaume, na hilo likatosha kuwanyima mbio hizo hadi mwaka 1960. Mwaka 1967, mwanamke Mmarekani Kathrine Switzer alipokuwa akikimbia marathoni ya Boston, msimamizi mmoja alimvamia njiani akitaka kumng'oa namba yake kifuani. Alikimbia hadi mwisho, ingawa Olimpiki haikuwawekea wanawake marathoni mpaka mwaka 1984. Katika miaka hiyo yote mwili wa mwanamke ulikuwa huu huu.

Mabadiliko ya umri wa binti yako ni ya kweli, lakini yanahitaji maandalizi tu. Mtazame msichana aliyefunga sweta kiunoni, amesimama pembeni ya uwanja akidai kichwa kinamuuma: mara nyingi anachoogopa ni doa kwenye kaptula. Hata kwenye mashindano ya tenisi ya Wimbledon, wanakoshikilia mavazi meupe, wachezaji wa kike waliruhusiwa kuvaa kaptula za ndani za rangi iliyokolea mwaka 2023 tu. Mnunulie sidiria ya michezo inayomkaa vizuri, maana matiti yanayokua huuma anapokimbia, kisha muulize kocha kama sare inaweza kuwa ya rangi nyeusi.

Neno jikedume ndilo linalonitia uchungu zaidi. Linamwambia mtoto kwamba kasi na misuli yake vinamtoa katika uanamke, na wanaolitumia mara nyingi humaanisha pia kwamba hatapenda wavulana. Mbio hazimfundishi mtu nani wa kumpenda. Na hata akija kuwa anapenda wasichana wenzake, nafasi yake uwanjani itabaki ile ile. Mweleze hivyo mkiwa wawili tu, kwa utulivu, kisha mwombe kocha alipige marufuku neno hilo mazoezini, kwa sababu kocha akinyamaza watoto huona ameliafiki.

SWALI: Nina umri wa miaka 19. Soka sikuipenda kamwe. Ninapenda dansi ya mazoezi. Vijana wa hapo ukumbini huniita shoga katika chumba cha kubadilishia nguo, na sasa nimeacha kwenda. Nifanye nini?

JIBU: Kijana wangu, sitakuuliza kama wanavyosema ni kweli, kwa kuwa tusi hilo humuumiza anayependa wanaume na asiyewapenda, na huwafukuza wote wawili. Soka ya kulipwa ya Uingereza inaonyesha uzito wake: mchezaji Justin Fashanu alijitangaza kuwa anapenda wanaume mwaka 1990, na mchezaji wa kiume aliyemfuata akiwa bado anacheza, Jake Daniels, alijitokeza mwaka 2022. Ni miaka 32 ya ukimya.

Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dansi inahesabika sawa na soka. Zungumza na mwalimu wa darasa lako la dansi, umtajie maneno yenyewe uliyoambiwa, kwa kuwa ukisema unataniwa tu atadhani ni mzaha. Hadi atakapochukua hatua, vaa nguo za mazoezi ukiwa nyumbani ili usilazimike kuingia chumba kile, na umwombe rafiki mmoja mwandamane. Asipochukua hatua, tafuta darasa jingine, lakini dansi usiiache.