Tulale Disney bila kuingia bustanini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mume wangu ana mkutano wa kikazi Orlando mwezi wa saba, na ofisi yake imemlipia chumba siku nne Animal Kingdom Lodge, hoteli iliyo ndani ya eneo la Walt Disney World. Anataka twende wote: mimi, mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga (ana miaka 71 na magoti yanamsumbua), binti yetu wa miaka 7 na mdogo wake wa mwaka mmoja. Tiketi za kuingia kwenye bustani zenyewe za burudani hatuziwezi. Dada yangu ananiambia kumfikisha mtoto Disney halafu asiingie ni kumtesa. Twende au tubaki?
*Mama Zuhura, Columbus, Ohio*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nendeni, tena nendeni na furaha. Nasema hivyo kwa sababu Agosti 2023 nililala hoteli hiyohiyo na mama yangu mzazi na mjukuu wa miaka minane, na hatukukata hata tiketi moja.

Hesabu yako naielewa. Tiketi ya siku moja inazidi dola 100 kwa kichwa. Huyo wa mwaka mmoja angeingia bure, kwani walio chini ya miaka 3 hawalipi, lakini nyinyi wanne mngeacha zaidi ya dola 400 getini kwa siku moja tu, na bibi mwenye magoti mabovu angeimaliza siku hiyo akitafuta benchi.

Sasa fikiria mtakachokipata bila kulipa zaidi. Hoteli imejengwa kuzunguka mbuga. Twiga, punda milia, nyumbu na ng'ombe wa Ankole wenye zile pembe kubwa wanatembea chini ya vibaraza vya vyumba. Kama chumba cha ofisi hakitazami mbuga, msihuzunike: nyuma ya ukumbi wa mapokezi kuna mwamba wa kutazamia wanyama, unaitwa Arusha Rock, na kila mgeni anaruhusiwa kusimama hapo. Mama yangu alikuwa anatoka alfajiri baada ya swala, amejitanda khanga yake, anakaa mpaka jua lichomoze. Siku ya pili nilimkuta ameshapata rafiki, bibi wa Kimarekani, anamfundisha maneno yaliyoandikwa kwenye vibao. Maana hoteli nzima imepewa majina ya kwetu: jengo la Jambo, jengo la Kidani, mgahawa wa Jiko, bwawa la Uzima, bwawa la Samawati. Mama aliuliza ni nani aliyechagua jina la Uzima, maana amelipenda. Mwanangu, mpe mama yako nafasi hiyo ya kuwa mwalimu. Huku ughaibuni wazee wetu wanakaa siku nyingi wakifasiriwa kila kitu.

Na bwawa hilo la Uzima litayafaa magoti yake. Upande mmoja halina ngazi. Sakafu inateremka taratibu kama ufukweni, mtu anaingia kwa miguu yake huku ameshikwa mkono. Mama yangu aliingia na dera lake la kuogelea mpaka kiunoni, akacheka kama msichana. Ogeleeni asubuhi. Julai huko mvua ya radi hupiga alasiri, na ikinguruma wanawatoa watu wote majini.

Kuhusu Zuhura: mwambie ukweli mkiwa bado Columbus. Usimwambie tu "tunakwenda Disney", maana mtoto ataelewa anavyojua yeye. Mwambie mnakwenda kulala hoteli yenye twiga na kuogelea, na bustanini safari hii hamwingii. Mjukuu wangu alilia usiku mmoja, nyumbani kwao, na kilio kikaishia hapohapo. Kosa nililifanya mimi baadaye. Jioni ya kwanza nilitaka tuone fataki, nikawapandisha basi la Magic Kingdom, ile bustani yenye kasri, ili tukaunganishe treni ya juu kwenda hoteli ya Polynesian. Treni ni bure, lakini kituo kiko karibu na mageti. Mtoto aliona wenzake wanaingia na masikio yao ya panya, akanyamaza njia nzima. Bado inaniuma.

Kwa hiyo nyinyi msipite huko. Pandeni basi la hoteli mpaka Disney Springs, mtaa wa maduka na migahawa ambao kiingilio hakuna, mtembeetembee, kisha mchukue basi la Polynesian kutoka hapohapo. Mtatokea ufukweni, ng'ambo ya ziwa mnaliona kasri lote, na fataki zinapasuka juu yake huku mama ameketi kwenye mchanga. Sisi tuliona pia msafara wa majahazi ya taa ukipita ziwani, maonyesho yaliyoanza mwaka 1971, mwaka hoteli ya Polynesian ilipofunguliwa. Ratiba za usiku hubadilika, ulizeni mapokezi siku ileile. Kurudi tulichukua teksi, mtoto alikuwa amelala begani.

Chakula ni ghali, hilo sitakuficha. Bebeni vya asubuhi. Mkitaka kukaa mezani mara moja, nendeni Sanaa, kwenye jengo la Kidani, wakati wa mchana, si usiku, kwa sababu madirisha yake yanatazama mbuga na giza likiingia hamwoni kitu. Agizeni ile sinia ya mikate na achari zake, inatosha watu wengi.

Jambo moja lifanye wiki hii: piga simu uombe chumba kilicho karibu na lifti. Korido za hoteli hiyo ni ndefu kupita kiasi, na sisi tulipewa cha mwisho kabisa. Mama alikuwa anapumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni.