Waya wa spika ndani ya ukuta wa mawe: ununue upi, na upite wapi?

SWALI: Hujambo fundi. Tunajenga Utawala, Nairobi, nyumba ya mawe, na slabu imeshakauka. Sebule ni mita 5 kwa 6. Tunataka spika tano na sabufa, na nyaya zote zifichwe ukutani. Fundi wetu wa stima anasema ninunue waya wa kawaida wa 1.5, aufukie kwenye plasta, yaishe. Luthuli Avenue nilionyeshwa roli ya waya mwekundu na mweusi iliyoandikwa 2.5 kwa bei ya chini sana. Duka la pili wakanionyesha waya mwingine ghali mno, wanasema ni shaba isiyo na oksijeni. Mtandaoni nako nasoma kwamba waya wa ukutani lazima uwe na alama ya CL2. Plasta inaanza wiki mbili zijazo. Nifanye nini?

JIBU: Sijambo, dada yangu. Umeuliza kwa wakati. Wengi hunipigia simu rangi ikiwa imeshapakwa, na hapo hakuna kazi bila kubomoa. Nunua waya wa shaba halisi wa 2.5 (namba hizi ni milimita mraba, yaani unene wa shaba yenyewe), wenye nyuzi nyembamba nyingi, na usiufukie kwenye plasta. Kinachofukiwa ni paipu. Waya unapita ndani ya paipu, na siku ukitaka kuubadilisha unauvuta tu unatoka.

Tuanze na unene. Pima safari ya waya wa spika ya nyuma: unapanda kutoka kabati la TV hadi darini, unavuka zile mita 6, unaenda pembeni, kisha unashuka hadi usawa wa masikio ya aliyeketi. Hapo umemaliza mita 13, na ukiacha ziada ya kufungia, weka 15. Umeme wa sauti huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 30 za shaba. Shaba ya 1.5 kwa urefu huo ina ukinzani, yaani jinsi inavyozuia umeme, wa kama omu 0.34, ya 2.5 ina kama omu 0.2. Kipimo tunachotumia ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule ulioandikwa nyuma ya spika. Spika ya omu 8 inavumilia omu 0.4, ya omu 4 inavumilia 0.2 peke yake.

Kwa hiyo fundi wako hajakosea kihesabu: 1.5 inatosha kwa spika za omu 8. Lakini ukuta utaishi kuliko spika. Leo unanunua za omu 8, miaka sita baadaye mtoto amekua analeta za omu 4, na waya uko palepale. Tofauti ya bei kati ya 1.5 na 2.5 kwa chumba kimoja ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kupiga plasta upya. Ukikutana na vipimo vya Kimarekani, kumbuka vinakwenda kinyume: kadiri namba inavyopungua ndivyo waya unavyonenepa. Geji 16 ni kama milimita mraba 1.3, geji 14 ni kama 2.1, geji 12 ni kama 3.3. Wetu wa 2.5 unakaa kati ya 14 na 12.

Sasa ile roli ya bei ya chini. Hapa nakuomba uwe mkali. Waya mwingi wa namna hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu, na kwa macho huwezi kujua. Muuzaji akikukatia kipande, chukua wembe, ukwangue uzi mmoja polepole juu ya kidole. Wekundu ukitoka na chini yake kukabaki rangi ya fedha, hiyo ni alumini. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo mambo yake ni kinyume: juu ina rangi ya fedha, ukikwangua unakuta wekundu ndani. Hiyo ni nzuri, inunue bila wasiwasi.

Njia ya pili ni mizani. Roli ya mita 100 yenye nyaya mbili za 2.5 ina shaba ya karibu kilo 4.5, kabla hujahesabu plastiki. Ukiinua roli nzima kwa mkono mmoja na mizani ikasoma kilo tatu, ama si shaba, ama si 2.5, na mara nyingi ni vyote viwili. Nimefungua waya ulioandikwa 2.5 ubavuni, nikakuta plastiki nene na nyuzi chache katikati zisizofika hata 1.

Alumini ina shida gani? Kwanza, ukinzani wake ni mkubwa: alumini iliyopakwa shaba, hata ikiwa 2.5 ya kweli, inafanya kazi kama shaba ya 1.5. Hilo peke yake lingevumilika. Kinachonikera ni kwamba ukiikunja mara mbili tatu kwenye tundu la resiva, ile mashine inayoendesha spika, inakatika, na plastiki ikichubuka karibu na saruji mbichi, magadi ya saruji huila. Waya wa namna hiyo haukufai hata kwa bure.

Kuhusu shaba isiyo na oksijeni: ni shaba safi, haina ubaya, lakini kwa mita 15 za spika sikio halitaitofautisha na shaba ya kawaida ya unene uleule. Pesa hizo ziweke kwenye spika ya katikati, ile inayobeba mazungumzo ya filamu.

Na CL2? Hiyo ni alama ya kanuni za umeme za Marekani. Nyumba nyingi huko kuta zake ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa mbao za jipsamu, na ndani mna uwazi. Moto ukiingia kwenye uwazi huo unaweza kupanda pamoja na plastiki ya waya, ndiyo maana wakadai plastiki isiyosambaza moto. Ukuta wako wa mawe hauna uwazi huo. Lakini dari ya jipsamu unayo? Na ile mbao ya mapambo ambayo siku hizi kila mtu anaweka nyuma ya TV? Hapo uwazi upo, na hoja ya Wamarekani inakuhusu moja kwa moja. Kwa hiyo hata juu ya jipsamu, waya usilale wazi. Paipu ngumu ya PVC iendelee mpaka kwenye boksi. Ukipata waya wenye alama ya CL2 au CL3 na ni shaba kweli, vizuri. Ukiukosa, paipu itakusaidia.

Tuje kwenye paipu zenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo. Tumia PVC ya milimita 25, si 20. Kila spika iwe na paipu yake na boksi lake. Paipu isafiri mlalo kule juu darini, kisha ishuke wima moja kwa moja juu ya boksi. Usimruhusu mtu akate mfereji wa kuvuka ukuta kwa mlalo ili kuokoa mita mbili. Mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa jiwe la inchi 6, yaani milimita 150, wima unaruhusiwa hadi 50, lakini mlalo ni 25 tu, na paipu ya 25 haiwezi kukaa humo na kufunikwa vizuri. Ukizidisha, umeudhoofisha ukuta. Tena paipu ikishuka wima juu ya boksi, atakayekuja kutundika picha mwaka kesho atajua mahali pa kutotoboa.

Kona zikunjwe kwa springi ya kukunjia paipu, kona pana, wala msitumie zile elbo fupi za dukani. Kati ya boksi na boksi kona zisizidi mbili. Ndani ya kila paipu pitisheni kamba ya nailoni kabla ya plasta na muifunge ncha zote mbili. Maboksi yajazwe karatasi za mifuko ya simenti na kuzibwa kwa tepu, la sivyo plasta itaingia na utachonga siku nzima. Plasta ikikauka, ndipo unavuta waya kwa ile kamba, ukiupaka poda ya watoto kidogo uteleze. Baada ya kuuvuta, acha kamba nyingine mpya ndani.

Nyuma ya TV usitumie 25. Kichwa cha HDMI, ile kebo ya picha ya TV, hakipiti kwenye kona ya paipu hiyo. Weka paipu ya inchi mbili, ile ya maji machafu, ishuke wima bila kona kutoka nyuma ya TV hadi nyuma ya kabati. Kebo za picha hubadilika kuliko kitu kingine chochote sebuleni.

Sabufa ni habari tofauti. Ikiwa ina amplifaya yake ndani, na nyingi zinayo, haihitaji waya wa spika. Inahitaji kebo ya RCA, ile ya kupeleka sauti kutoka resiva, yenye kinga na soketi ya stima karibu. Ipe njia mbili, moja kona ya mbele na nyingine upande wa kochi, kwa sababu besi hubadilika sana sabufa ikihama mahali, na huwezi kujua itapenda wapi kabla hujaisikia ndani ya chumba.

Sasa jambo ambalo silegezi kamwe. Waya wa spika usilale paipu moja na stima, wala usiingie boksi moja nayo. Vikienda sambamba, viachane angalau sentimita 30. Vikilazimika kukutana, vikatane kama msalaba. Watu hudhani sababu ni mngurumo kwenye spika. Mngurumo husumbua zaidi ile kebo ya RCA. Sababu kubwa ni kwamba plastiki ya stima ikichubuka humo ndani, volti 240 zinatokea kwenye vichwa vya chuma nyuma ya spika, mahali ambapo mtoto anashika.

Kwa hoja hiyohiyo sitaki utumie waya wa rangi za stima kwa spika, hata kama shaba yake ni nzuri. Niliwahi kuitwa nyumba moja Kasarani ambako amplifaya ilikuwa imeungua. Fundi aliyekuja baadaye kuongeza taa alikuta darini waya ambao haukuwa na alama, akaudhani wa taa, akaunganisha stima. Aliyewasha swichi jioni ile ni mama mwenye nyumba. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa ameshika spika. Tangu siku hiyo kila ncha ninayoiacha ukutani naifunga lebo, "spika nyuma kushoto", na ndani ya kifuniko cha boksi naandika kwa kalamu ya wino usiofutika. Upande wa stima wenyewe umwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na umwonyeshe lebo hizo.

Waya ukishapita, pima kabla ya kuunganisha chochote. Weka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye omu. Nyaya mbili zikiwa zimeachana upande wa pili, isisome kitu. Kisha zisokote pamoja kule mwisho: isome sehemu ndogo tu ya omu moja, baada ya kutoa kile ambacho vishikio vya multimita vyenyewe vinasoma vikigusana.

Mwisho, chanya na hasi. Ubavuni mwa waya kuna mstari au rangi. Amua huo ndio chanya na usibadilishe nyumba nzima. Ukitaka uhakika, toa kitambaa cha mbele cha spika, kaa ukiitazama, na umwambie mwenzako kule kwa resiva aguse ncha za waya kwa betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu, resiva ikiwa haijaunganishwa. Ngozi ya spika ikiruka kuja nje, chanya iko kwa chanya. Ikinywea ndani, geuza. Spika moja ikiwa kinyume, besi inapotea na sauti ya msemaji haijulikani inatoka wapi, na watu hulaumu spika nzuri isiyo na kosa. Ukifunga, hakikisha hakuna uzi mmoja wa shaba uliochomoza ukagusa kichwa cha jirani, maana huo mmoja unatosha kuiua amplifaya.

Kwa chumba chako, spika tatu za mbele zitakula kama mita 5 kila moja na mbili za nyuma 15 kila moja, jumla 45. Nunua 60. Wiki hizi mbili zinatosha kwa paipu peke yake. Na zikikaribia kuisha kabla hamjamaliza, fundi wa plasta aanze vyumba vya kulala, asiguse sebule mpaka kila boksi liwe na kamba ndani, na wewe uwe umepiga picha kila ukuta, utepe wa kupimia ukiwa umewekwa kando ya paipu.