Maswali na Majibu: Kujikinga na Madhara ya Kutibu Varisi kwa Leza

*Nauza samaki katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, Kongo. Nitatibiwa varisi, yaani mishipa ya miguu iliyovimba na kujipinda, kwa leza, na dada zangu wanasema nilale kitandani wiki nzima. Ni kweli?*

Hapana, Mama, na nawaomba dada zako waliache shauri hilo, kwa kuwa ndilo linaloweza kukutia hatarini. Leza huunguza mshipa mbovu kutoka ndani hadi ujifunge, na damu ikapita katika mishipa mizima. Lakini mguu usiposogezwa, damu hutuama katika mishipa ya ndani zaidi, ikaganda, na bonge lake liking'oka linaweza kufika mapafuni na kuua. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoisukuma damu kurudi juu, kwa hiyo tembea siku ileile ya matibabu, kisha mara kadhaa kila siku. Utakachoepuka ni kusimama palepale mezani saa nyingi na kubeba mabeseni mazito. Kabla ya yote, mweleze daktari kama umewahi kugandisha damu, kama una mimba au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Wala usiache dawa yoyote bila yeye kukuambia.

*Mimi ni dereva wa lori, naishi Kolwezi. Nikitibiwa Lubumbashi, nirudi siku hiyohiyo?*

Afadhali ungoje, ndugu. Barabara hiyo ina kilomita 300 hivi, na safari ya kukaa zaidi ya saa 4 huongeza uwezekano wa damu kuganda hata kwa mtu ambaye hakutibiwa mguu. Muulize daktari siku ya kusafiri, na siku hiyo uendeshwe na mwingine, mkisimama mara kwa mara ili utembee. Rudi pia kwa ekografi ya mishipa, yaani kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti, katika wiki ya kwanza, maana bonge huweza kuanza bila maumivu. Shavu la mguu likivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo. Pumzi ikikatika, kifua kikiuma au ukikohoa damu, nenda saa hiyohiyo, hata usiku.

*Leza haiwezi kuunguza ngozi?*

Inaweza, na kinga yake imo mikononi mwa daktari. Akiongozwa na ekografi, hudunga maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi kuuzunguka mshipa wote, ili yaikinge ngozi na neva (mishipa ya fahamu) dhidi ya joto. Chini ya goti neva iko karibu sana na mshipa, ndiyo maana wengine hubaki na ganzi, ambayo mara nyingi hupungua kwa wiki au miezi.

*Soksi za kubana nizivae muda gani?*

Mwongozo wa Uingereza wa 2013 unasema zisizidi siku 7. Madaktari wengine huagiza wiki 2. Mwenye kisukari apimwe kwanza mishipa inayopeleka damu miguuni, kwani ikiwa imeziba, soksi hizo zitamdhuru.